Kwanini harusi za kifalme Uingereza kilti wanavaa watoto na wageni ila bwana harusi mwenyewe havai?

Mpambe_Mstaafu:
Wakuu salaam. Jana umeme ulirudi mapema tukakaa na shemeji yenu kuangalia picha za zamani za harusi za ile familia ya Uingereza, yeye anaangalia magauni mi naangalia wanaume wamevaa nini, ndo nikaona kitu ambacho sijawahi kukisikia kikijadiliwa. 1947 Elizabeth anaolewa na Philip, nyuma yake watoto wawili wanaoshika shela, William wa Gloucester na Michael wa Kent, wametupiwa vile visketi vya malinda vya Scotland, ndo kilti zenyewe, za tartani (kitambaa cha mistari ya mraba mraba) nyekundu ya Royal Stewart. 1973 Anne anaolewa na Mark Phillips, mdogo wake Edward ndo mpambe, kilti. 1992 Anne anaolewa mara ya pili, tena safari hii Scotland kwenyewe, kikanisa cha Crathie pale karibu na Balmoral, kasri lao la mapumziko, Charles kavaa kilti, bwana harusi Tim Laurence gwanda la navy (jeshi la majini) na suruali yake.
Nimemtafuta bwana harusi hata mmoja wa hiyo nyumba aliyesimama mbele ya mchungaji na kilti sijampata. Philip navy. Charles 1981 navy. Andrew 1986 navy. Edward 1999 suti. William 2011 koti jekundu la Irish Guards, Harry 2018 koti la Blues and Royals. Kama kilti ni vazi la heshima la taifa mbona siku ya heshima yenyewe linaachwa kabatini? Wajuzi karibuni.

Afande_Kiporo:
Jibu rahisi sana mkuu. Hao ni maafisa wa jeshi. Ukiwa na cheo na nishani hauvai nguo ya kiraia kwenye parade ya maisha yako. Uzi ufungwe.

Dogo_wa_Kigogo:
Kabla haujafungwa, ndani ya ile sketi wanavaa nini?

Binti_Glasgow:
Afande usifunge bado. Jeshi la Uingereza lina regimenti za Kiskoti ambazo sare yake NI kilti. Charles toka 1977 alikuwa colonel-in-chief, yaani mkuu wa heshima, wa Gordon Highlanders, moja ya regimenti hizo, angetaka kuvaa kilti 1981 na nishani zake zote juu alikuwa na haki hiyo, hamna sheria ya jeshi iliyomkataza. Kwahiyo hoja ya gwanda haijibu swali, inalisogeza tu.
Mi naishi huku Glasgow. Harusi za watu wa kawaida huku bwana harusi ndo wa KWANZA kuvaa kilti, halafu bestimani, halafu baba wa pande zote mbili, na nyingi ni za kukodi. Mfanyakazi mwenzangu alipooa alimlazimisha mume wangu akodi na yeye. Kitambaa kizito, kiunoni mikanda na buckle, mbele kinaning'inia kipochi cha ngozi wanaita sporran, soksi hadi chini ya goti na kwenye soksi kinachomekwa kisu kidogo. Mume wangu ni Mnyamwezi wa watu, ukumbini akasahau akakaa kama aliyevaa suruali, meza nzima ya wazee wa kanisa wakageuka kuangalia dari.

Dogo_wa_Kigogo:
Kwahiyo waliona nini? Tunaomba jibu la kitaalamu

Mama_Zuu:
😂😂😂 Pole kwa shemeji

Fundi_Malinda:
Naomba nichangie upande wa cherehani maana hii nguo watu wanaidharau. Kuna mteja aliniletea picha anataka ya hivyo kwa ajili ya send-off ya dada yake, nikajua ni sketi tu, nikaingia kuisoma kwanza. Kilti kamili inakula kama mita 7 za kitambaa cha sufu. Mbele bapa, mapande mawili yanapishana, malinda yote yako nyuma. Na lile linda halikunjwi ovyo, unakunja ili mistari ikitoka nyuma mchoro wa tartani uendelee vilevile kama haujakatwa, au kwa zile za kijeshi unakunja ili mstari mmoja tu ndo ujitokeze kwenye kila linda. Ukikosea linda la tatu yote yaliyobaki yamekufa. Mteja wangu nilimpa bei akahamia kwenye suti.

Mzee_Kumbukumbu:
Mnazunguka, tatizo ni siasa. 1746 baada ya vita ya Culloden, waasi wa Scotland waliposhindwa, London ikapitisha sheria ya kuwakataza wanaume wa milimani Scotland kuvaa kilti na tartani, ukikamatwa jela, ukirudia unasafirishwa makoloni. Ikafutwa 1782. Lakini angalia ujanja wao, wanajeshi waliruhusiwa! Yaani ukiivaa ukiwa nyumbani kwako ni muasi, ukiivaa unapigana kwa ajili ya mfalme ni shujaa.
Halafu 1822 George IV akaenda Edinburgh, hakuna mfalme aliyekuwa amekanyaga kule kwa zaidi ya miaka 150, mwandishi Walter Scott ndo akawa MC wa shughuli nzima. Mfalme mnene yule akavaa kilti fupi na taiti za rangi ya nyama ndani, bili ya vazi peke yake ilipita pauni 1,300 za wakati ule. Wachora katuni walimmaliza. Mchoraji wake David Wilkie kwenye picha rasmi zile taiti akazifuta kabisa. Toka pale mfalme au mtoto wa mfalme akifikiria kuvaa kilti mbele ya dunia nzima anamkumbuka babu. Hiyo ndo sababu yangu mimi.

Mpambe_Mstaafu:
Mzee nimekuelewa ila hao hao wakiwa Balmoral wanashinda na kilti kutwa nzima, Charles hata honeymoon yake na Camilla 2005 kule Birkhall tulimuona nayo. Aibu gani inayoisha ukivuka mto?

Mzee_Kumbukumbu:
Balmoral ni shamba. Harusi ni mjini.

Kaka_Ukweli:
Mnajadili vazi la asili wakati halina asili hiyo. Kilti fupi aliibuni Mwingereza, mfanyabiashara wa chuma anaitwa Thomas Rawlinson, miaka ya 1720 na kitu, aliona vibarua wake wa milimani wanahangaika na lile blanketi refu akamwambia fundi alikate katikati. Na zile tartani za kila ukoo ni biashara ya viwanda na kina ndugu wawili matapeli waliojiita Sobieski Stuart, kitabu chao cha 1842 kilikuwa cha kughushi. Yani mnagombania nembo ya dukani.

Binti_Glasgow:
Kaka_Ukweli hiyo ya Rawlinson ilichapishwa kwenye jarida 1785, zaidi ya nusu karne baada ya hayo mambo kudaiwa kutokea, na Waskoti wengi huku hawaikubali. Wengine wanasema watu walikuwa wanajifunga nusu ya chini ya lile blanketi hata kabla yake. Kwenye Sobieski hapo sina ubishi na wewe. Ila kitu kikibuniwa miaka 200 iliyopita na watu wakazikwa nacho na kuolewa nacho, bado utakiita cha dukani?

Kaka_Ukweli:
Ndio.

Nyerere_Road:
Mi nakuja na hoja tofauti, wafalme wa Scotland WENYEWE kabla hawajaungana na Uingereza hawakuoa na kilti. Kilti ilikuwa ya watu wa milimani, ikulu ilikuwa bondeni Edinburgh na Stirling na pale walikuwa wanavaa kama Wafaransa. James IV alipomuoa Margaret Tudor pale Holyrood Agosti 1503, ishara iliyotamba ilikuwa mbigili na waridi, mbigili ni Scotland waridi ni England, mpaka mshairi wao William Dunbar akatunga shairi lenye jina hilo. Binti wa James V, yule Mary, Aprili 1558 kaolewa Notre-Dame Paris amevaa nyeupe, wakati malkia wa Ufaransa walikuwa wanavaa nyeupe kwenye msiba! Kilti hapo iko wapi? Kwahiyo bwana harusi wa kifalme kutovaa kilti ndo mila ya kifalme ya Kiskoti. Swali liwe kwanini wale watoto wanavaa.

Kaka_Ukweli:
James V alinunua tartani 1538, iko kwenye vitabu vya hazina.

Nyerere_Road:
Ya kushonea soksi ndefu za kubana, sio kilti. Na ilikuwa safari ya kuwinda. Soma mpaka mwisho wa mstari mkuu.

Mama_Zuu:
Hapo kwenye watoto nina jibu maana nimezisoma sana hizi habari za Malkia Victoria. Victoria na Albert waliipenda Scotland kupitiliza, wakakodi Balmoral 1848 halafu wakainunua, Albert akachora tartani yake ya kijivu ambayo mpaka leo huivai bila ruhusa ya mfalme, na watoto wao wa kiume wakawa wanavishwa nguo mbili tu kwenye picha, za baharia au za kilti. Binti yao mkubwa Vicky anaolewa na Fritz, Mjerumani wa Prussia, Januari 1858, wadogo zake wamesimama hapo na kilti. Kwahiyo kwa familia ile kilti ni nguo ya MTOTO kwenye sherehe, akikua anavuliwa anapewa gwanda. Angalia harusi za baadaye, wasipowavalisha kilti wanawavalisha ubaharia. 1981 wapambe wa Charles na Diana walivaa sare za kadeti wa navy za mtindo wa 1863, 1986 William ana miaka 4 kavaa ubaharia kwenye harusi ya Andrew. Ni sanduku moja la nguo, wanachagua.
Na kisa cha 1863 mnakijua? Harusi ya Edward mtoto wa Victoria na Alexandra wa Denmark, Windsor, tarehe 10 Machi. Mjukuu wa Victoria kaletwa kutoka Prussia, miaka 4, kavishwa kilti na kisu chake kiunoni. Akakaa katikati ya wajomba zake Arthur na Leopold nao wako na kilti, miguu wazi. Ibada ikamchosha. Akang'oa jiwe la kwenye mpini wa kisu akalirusha katikati ya kanisa, wajomba walipomkanya akawang'ata miguu!! Harusi ya mjomba wake huyo! Sasa huyo mtoto ndo Wilhelm II, Kaiser wa vita ya kwanza.

Afande_Kiporo:
Alianza vita mapema

Mwana_Lushoto:
Subiri subiri. Kaiser Wilhelm huyu huyu? Mimi kwetu Lushoto, enzi za Mjerumani mji wetu uliitwa Wilhelmstal kwa jina lake!! Babu alikuwa analitaja hilo jina kwa heshima zote. Kumbe tuliitwa kwa jina la kijana aliyeng'ata wajomba kanisani.

Dogo_wa_Kigogo:
Wasambaa mna historia nzito 😂

Mama_Zuu:
Mwana_Lushoto kaa vizuri kuna ingine. Shela ya Meghan 2018, mita 5, ilidariziwa maua ya nchi 53 za Jumuiya ya Madola. Scotland wakapewa mbigili wao kama kawaida. Tanzania tukapewa urujuani wa Usambara, lile ua dogo la zambarau wazungu wanalifuga madirishani kwenye vyungu. Mjerumani Walter von Saint Paul, aliyekuwa bwana mkubwa wa Tanga, alipeleka mbegu kwao 1892, ndo maana kitaalamu lilipewa jina Saintpaulia. Ua la milimani kwenu liko jirani na mbigili kwenye shela moja.

Mwana_Lushoto:
Daah. Na porini kwetu sasa hivi kulipata ni kazi, misitu imeliwa. Mrahaba tunadai wapi?

Msee_wa_Ruiru:
Kenya tulipewa nini kwa hiyo shela? Niliskia ni waridi juu ya hizi shamba zetu za Naivasha.

Mama_Zuu:
Hapana, okidi. Uganda waridi la jangwani. Waridi la kawaida ni England.

Msee_wa_Ruiru:
Sawa, asante. Sisi tunapanda roses England inachukua credit.

Shangazi_Shela:
Haya mmegusa fani yangu, mnaangalia wanaume wakati Scotland kwenye harusi hizi anaibeba bibi harusi. 1923 Elizabeth Bowes-Lyon, mama wa yule Elizabeth wa 1947, binti wa kasri la Glamis Scotland, shada lake lilikuwa na heather nyeupe (kichaka cha maua madogo) ya Scotland na waridi jeupe la York, akaingia Westminster akaliweka juu ya kaburi la askari asiyejulikana, kaka yake Fergus alikufa vitani Loos 1915 akiwa na Black Watch, regimenti ya Kiskoti. Sarah Ferguson, bibi harusi wa Andrew 1986, gauni lina mbigili na nyuki kutoka nembo ya ukoo wao. Kate 2011 lesi imekatwa maua manne, waridi, mbigili, daffodil na shamrock, kila taifa lake. Eugenie binti yake Andrew, Oktoba 2018, mbigili tena kwa mapenzi yake na Balmoral.
Unaona mantiki? Ua unaweza kuweka manne kwenye gauni moja, hamna taifa linalonuna. Kilti ni nguo moja ya upande mmoja, bwana harusi akiivaa Wales watauliza na sisi je. Ndo maana kilti inaachiwa mtoto, mtoto hana siasa.
Ile heather nyeupe nayo ina kisa chake, 1855 Balmoral, Fritz wa Prussia alichuma kijiti cha heather nyeupe akampa Vicky ndo akatumia hapo hapo kumchumbia. Victoria akakiandika, kitabu kikatoka 1868, toka hapo kila harusi inataka heather nyeupe. 1947 kwenye chakula kila mgeni alikuta kishada mezani, kina majani ya myrtle (mhadasi) na heather ya Balmoral.

Binti_Glasgow:
Hilo la "mataifa manne" linanipa shida kidogo Shangazi. William kaoa kwa gwanda la Irish Guards, hilo si upande mmoja? Wales hawakuuliza.

Shangazi_Shela:
Alikuwa colonel wao.

Binti_Glasgow:
Ndo tumerudi kwa Afande sasa.

Afande_Kiporo:
Nilisema uzi ufungwe.

Nyerere_Road:
Ongezea hapo, asubuhi ya harusi yake 2011 William alipewa vyeo vitatu, Duke of Cambridge wa England, Earl of Strathearn wa Scotland, Baron Carrickfergus wa Ireland ya Kaskazini. Harry naye 2018 Earl of Dumbarton. Wanaivaa Scotland kwenye karatasi, miguu inabaki salama.

Kijana_wa_Maskati:
Asalaam alaykum. Nipo Muscat, naona mmesahau sauti. Zumari za mfuko za Kiskoti huku Oman ni kitu cha kawaida kabisa, jeshi lina wapigaji mpaka wanaozipiga wakiwa juu ya ngamia, Waingereza waliziacha. Na harusi ya kifalme ya karibuni yenye zumari hizo haikuwa hata Ulaya, ilikuwa Amman, Juni 2023, Hussein mrithi wa ufalme wa Jordan, bendi ya jeshi ilipiga ngoma na zumari kwenye zaffa (msafara wa harusi), wapigaji wana shemagh nyekundu kichwani. Sauti tumeichukua, sketi tumewaachia wenyewe.

Dogo_wa_Kigogo:
Na Idi Amin je? Si alijiita mfalme wa Scotland? Huyo angeoa na kilti angemaliza ubishi.

Mzee_Kumbukumbu:
Usituharibie uzi.

Msee_wa_Ruiru:
Wacha niulize kitu imenisumbua kitambo. Shuka ya Maasai na tartani. Nikiwa shule tuliambiwa ni wamishonari wa Scotland wa Kikuyu walileta. Ni ukweli?

Kaka_Ukweli:
Wamishonari gani waliowafikia Wamaasai wote Kenya na Tanganyika wakawagawia blanketi? Wamaasai walivaa ngozi, vitambaa vililetwa na wafanyabiashara wa pwani, merikani kwanza.

Kijana_wa_Maskati:
Na vitambaa vya mraba mraba vilikuwa vinatoka Maskati na India vikapita Zanzibar kwenda bara. Huhitaji Mskoti kuchora mstari juu ya mstari.

Msee_wa_Ruiru:
Lakini nyekundu kwa nyeusi namna ile?

Mwana_Lushoto:
Nyekundu wanaipenda wenyewe. Fungueni uzi wake jamani, huu ni wa harusi.

Mpambe_Mstaafu:
Mpaka sasa nina sababu tano na zote zinapingana. Kuna mtu anaweza kunipa hata mwanaume MMOJA mkubwa, mtu mzima, aliyeingia na kilti madhabahuni kwenye harusi ya kifalme sio mgeni wa kukaa kwenye benchi?

Shangazi_Shela:
Yupo. Copenhagen 14 Mei 2004, Mary Donaldson wa Tasmania anaolewa na Frederik wa Denmark, ndo malkia wao sasa. Baba yake John, profesa wa hesabu mzaliwa wa Scotland, alimleta binti yake mpaka mbele na kilti yake. Frederik akatoa machozi pale mbele, dunia nzima iliona.

Kaka_Ukweli:
Alilia alipoona sketi ya mkwe.

Mpambe_Mstaafu:
Shangazi huyo ni baba wa bibi harusi, nimeuliza wa kifalme.

Shangazi_Shela:
Ulisema mwanaume mmoja aliyefika madhabahuni. Nimekupa.

Nyerere_Road:
Hapo sasa unaona, huyo aliivaa kwa sababu kwao ni kweli Scotland na binti anaolewa mbali. Zara mtoto wa Anne kaolewa Edinburgh kwenyewe Julai 2011, Canongate Kirk, sherehe ikulu ya Holyrood, na bwana harusi Mike Tindall mcheza raga wa England kavaa suti. Mtu havai ya jirani.

Binti_Glasgow:
Dogo_wa_Kigogo nimekuonea huruma, umeuliza toka mwanzo. 2010 mkuu wa Scottish Tartans Authority alisema hadharani kutovaa kitu ndani ni utoto na si usafi, hasa kwa hizi za kukodi. Waskoti wakamjia juu nchi nzima. Kwahiyo mpaka leo huku kuna kambi mbili.

Dogo_wa_Kigogo:
Na shemeji siku ile alikuwa kambi gani?

Binti_Glasgow:
Muulize mwenyewe.

Fundi_Malinda:
Samahanini, yule mteja wa send-off amerudi, suti imemshinda bei. Nimshonee na kaptula ya ndani au niache?